Meli au Mabembea

Siku mliponiaga ofisini nikistaafu, mkikata keki, nilimsikia mmoja wenu akimnong'oneza mwenzake karibu na friji: "Huyu mathe ndiye alitupotezea ile kampuni ya maua." Nilipogeuka mkaanza kusifu keki. Nikajua habari hiyo bado inatembea. Basi acha niisimulie mwenyewe, ili ikitembea tena itembee sawa. Ni kweli, niliipoteza ile kampuni. Mkinirudisha pale leo, nitaipoteza tena kabla ya chai ya saa nne.

Nilipanda ngazi za ofisi yetu ya safari hapa Nakuru mara ya kwanza nikiwa msichana kutoka Bahati, na cheti cha kupiga taipu na sauti ambayo watu kwenye simu walidhani ni ya mtoto. Nilitarajia kupewa meza. Mzee Barasa, aliyekuwa karani mkuu wa tiketi, alinipa kiti cha plastiki akanituma steji ya mabasi.

"Kaa huko mpaka mchana," akaniambia. "Angalia wanaosafiri wawili wawili. Nani ameshika tiketi, nani amebeba mzigo, nani anauliza njia. Kisha uje uniambie."

Nilirudi nikiwa nimechomwa na jua, na hasira juu yake. Nikamwambia nimeona mama mmoja aliyebeba kila kitu: mtoto, kikapu, kuku, na hata kofia ya mumewe.

"Na mume?"

"Alikuwa anamwambia afanye haraka."

"Sasa huyo mama akija hapa na huyo mume, utawauzia nini?"

Mzee Barasa akakoroga chai yake. "Mahali ambapo kuna mtu mwingine wa kubeba kofia," akasema. Hayo ndiyo masomo yangu ya siku ya kwanza, na sijapata kozi iliyoyapita, ingawa nimepelekwa nyingi, zenye biskuti.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuwatenganisha wapenzi wakija kuchagua safari. Mmoja aketi mezani, mwingine aketi dirishani na gazeti, uzungumze nao kila mmoja peke yake. "Wakikaa pamoja utamsikia mmoja tu," alikuwa akisema, "na mara nyingi si yule utakayemsikia akilalamika wakirudi."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tiketi za karatasi zenye kaboni nyekundu, iliyotupaka vidole tukaonekana kama tumetoka kuchinja. Simu moja, iliyofungiwa kwenye kisanduku bosi asipokuwepo. Halafu ikaja kompyuta, ambayo ikigoma tulikuwa tunaizima na kuiwasha, na mpaka leo sijamwona fundi akifanya jambo tofauti. Lakini kifaa nilichokipenda ni chaki. Mteja akisema anataka meli, nilikuwa nachora kabini yake pale sakafuni, kwa vipimo vyake kamili: hapa kitanda, hapa choo, hapa mlango. Kisha nawaomba wote wawili wasimame ndani. Picha za broshua hupigwa na mtu aliyejibanza kwenye pembe ya chumba, kwa hivyo kila kabini inafanana na ukumbi wa harusi. Chaki haina mambo hayo. Nimeona watu waliooana wiki iliyopita wakisimama ndani ya ile mistari, wakatazamana, wakachagua hoteli.

Miaka ya karibuni, watu walianza kuja wakiwa na simu mkononi na picha tayari. Nusu yao walitaka meli, ile kubwa inayozunguka bandari za Uarabuni kwa wiki moja. Nusu walitaka kulala kwenye hoteli iliyo ndani ya bustani ya michezo kule Dubai, yenye magari ya reli yanayopinda juu chini huku watu wakipiga mayowe. Kwenye karatasi ilikuwa na jina refu. Sisi tuliiita mabembea. Ndege ni ile ile, kwa hivyo wengi walidhani ni kuchagua tu picha nzuri zaidi. Si hivyo. Kwenye meli unapangiwa kila kitu na huna pa kwenda. Anayetaka kupumzika atapumzika, na anayetaka kukimbia kitu atakipata kikimngoja kwenye kabini. Kwenye mabembea utatembea mpaka miguu ivimbe, utapiga foleni, na mwenye presha au mgongo mbovu ataishia kushika mikoba ya wenzake. Halafu meli inaondoka na kurudi, kwa hivyo hakikisheni visa inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Nimesema hili mpaka nimechoka, na bado kuna mmoja wenu hulisahau. Anajijua.

Sasa nije kwa Mzee Joel na Mama Zipporah.

Walikuja asubuhi moja ya baridi, yeye mrefu mwenye kofia ya soksi, mkewe mfupi mwenye kitambaa cha kina mama wa kanisa. Wote walikuwa wamepita sitini. Walikutana kwenye foleni ya kliniki ya macho hapa Nakuru, kila mmoja amefiwa na mwenzi wake miaka mingi iliyopita, na walikuwa wamefunga ndoa karibuni. Mzee Joel alikuwa Mkalenjin wa upande wa Rongai, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na dereva wa lori lake mwenyewe. Mama Zipporah alikuwa Mkikuyu wa Subukia. Watu wa kwetu wanajua kwamba kwenye maneno hayo mawili kuna mengi hayajasemwa.

"Madam, tunataka meli," Mzee Joel akasema kabla hajaketi. "Hanimuni. Usicheke."

Sikucheka. Nilimpeleka mkewe dirishani nikarudi mezani.

"Kwa nini meli, mzee?"

"Mimi nimeendesha lori la maziwa maisha yangu yote. Mvua, vumbi, matope, mimi na usukani. Nataka kuketi kwenye kitu kinachoenda, na mtu mwingine ndiye anaendesha. Nilale, nikiamka niko mahali pengine. Basi."

Nilipenda jibu hilo. Nikaenda dirishani.

"Na wewe mama, unataka nini?"

"Chochote mzee atasema."

"Hiyo ni yake. Nauliza yako."

Akatazama bango ukutani, lile la gari la reli limegeuka miguu juu na watu ndani. "Hiyo kitu, watu wazima wanaruhusiwa?"

"Kama presha iko sawa."

"Presha yangu iko sawa kuliko ya daktari," akasema, kisha akashika tena gazeti kana kwamba hatukuongea.

Basi nikachora kabini. Nilichagua ile ya ndani, isiyo na dirisha, maana ndiyo Mzee Joel alikuwa ameitaja. Wakasimama kwenye mistari. Mzee alikuwa akifurahi kama mtu aliyeonyeshwa nyumba mpya, akijipima kwenye kitanda cha chaki kama miguu itatosha. Mama Zipporah alikuwa ametulia.

"Mlango ni huu?" akauliza.

"Ni huo."

"Na dirisha?"

"Hii haina, mama."

"Nikitaka kutoka?"

"Unatoka, unatembea kwenye meli. Ni kubwa."

"Nikitaka kutoka kwenye meli?"

"Unangoja ifike bandarini."

Alitoka ndani ya mistari, akatoka ofisini, na nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye ngazi, anautazama mlango wa barabarani ulio wazi.

Niliketi ngazi ya chini yake. Akaniambia, sauti yake kavu kabisa, kwamba mume wake wa kwanza alikuwa akimfungia ndani. Akienda sokoni, anafunga. Akienda kunywa, anafunga. Kufuli kwa nje. Watoto wanaenda shule wakijua mama yuko nyumbani. Ndiyo, alikuwa nyumbani. Aliishi hivyo mpaka mtu huyo alipokufa.

"Mzee Joel anajua?"

"Anajua nilikuwa na mume, akafariki. Sitaki anihurumie. Nimechoka kuwa mtu wa kuhurumiwa."

"Mama, mimi sitamwambia. Hayo ni yako. Lakini pia sitakuuzia chumba utakachokaa ndani ukiutazama mlango wiki nzima. Nitawaambia siuzi, na sitasema sababu."

Akajifuta uso na pembe ya kitambaa. "Niitie yeye. Hapa hapa. Na wewe usiende mbali."

Alimwambia kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi. Mzee Joel alivua kofia, akasimama ameishika kwa mikono miwili. Watu wa ofisi ya juu walikuwa wakipita na bahasha zao, wakisema samahani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahia meli."

"Sasa mimi ningefurahia meli vipi?" Alikuwa amekasirika, lakini hasira hiyo haikuwa juu ya mkewe; ilikuwa inamtafuta mtu aliyekwisha kuzikwa Subukia. Akanigeukia. "Madam, nenda ufute hicho chumba."

Nikakifuta kwa soli ya kiatu changu, huku wananiangalia kutoka mlangoni.

"Sijasema tusiguse maji," Mama Zipporah akasema. "Nitapanda mashua. Ya saa moja. Kama naona nchi kavu, na nimeketi karibu na ngazi." Akanyoosha kidole kwenye bango. "Lakini hiyo nayo nitapanda."

"Hiyo inageuka juu chini," mumewe akamwambia.

"Nimeona."

Tukaandika mabembea. Nilimtuma kila mmoja kwa daktari, nikapiga simu kule hotelini kuuliza kama milango inafungwa kwa wageni saa zozote. Yule aliyepokea alidhani nauliza habari za wezi. Nikamweleza kwamba nauliza kama mama mmoja akitaka kutoka kutembea atazuiliwa. Akasema hazuiliwi. Nikamwomba aandike. Pasipoti zikatoka, zikafuata visa, na kila kitu kikawa tayari.

Hapo ndipo mtoto alipoingia. Mzee Joel alikuwa na kijana anayeitwa Dennis, meneja wa shamba moja la maua karibu na ziwa, upande wa Naivasha. Ofisi yetu ndiyo iliyowahudumia wageni wa shamba hilo: wanunuzi kutoka ng'ambo, ndege zao, hoteli zao, magari yao. Mimi ndiye niliyeandika safari hizo zote, na nilimjua Dennis kama mtu mwenye adabu na haraka. Sikujua ni mtoto wa Mzee Joel mpaka bosi aliponiita.

Bosi alikuwa amefunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, bosi wetu. Alikuwa mwoga, na mara nyingi watu hawaoni tofauti.

"Rhoda, wale wazee wa Dubai. Waambie visa imekataliwa."

"Haijakataliwa. Imetoka asubuhi hii."

"Najua. Waambie imekataliwa. Dennis hataki babake aende na huyo mama. Ni mambo ya familia."

"Pesa ni za nani?"

"Zao. Lakini Rhoda, fikiria. Ni mfugaji mmoja na mke wake wa uzeeni. Huyu kijana ni nusu ya kazi yetu."

"Bosi, hao wazee wamekaa kwenye ngazi zetu wakaambiana mbele yangu mambo ambayo hawakuwa wamewahi kuambiana. Siwezi kuwapigia simu nikawadanganya. Kama ni lazima wadanganywe, simu ni hiyo hapo. Piga, useme kwa sauti yako."

Aliiangalia simu. Mimi pia niliiangalia. Hakuna aliyeigusa. Nikarudi kwenye meza yangu nikampigia Mzee Joel, nikamwambia mambo mawili: visa iko tayari, na mwanao amekuja hapa kuizuia. Akashukuru kwa la kwanza, akakata simu kwa la pili.

Kesho yake wakawa wote ofisini. Dennis alikuwa amesimama, suti nzuri, funguo za gari mkononi. Wazee waliingia wakaketi, wakashikana mikono, jambo ambalo watu wa umri wao hawalifanyi sana mbele ya wengine.

"Mzee, twende tuongee nje," Dennis akasema.

"Ongea hapa. Ulikuja hapa kuongea juu yangu."

"Basi. Ukoo mzima unauliza huyu mama ni nani. Umesahau tulivyoishi na watu wao? Umesahau watu walivyokimbia?"

Msichana wetu wa mapokezi aliacha kupiga taipu. Hakuna mtu wa Nakuru asiyejua alichokuwa akizungumzia, ile miaka ya uchaguzi makabila yetu yalipochomeana nyumba, na kila mmoja wetu ana hadithi yake.

Mama Zipporah ndiye aliyejibu. "Nyumba yetu pia ilichomwa, Dennis. Sikumwuliza babako ni nani aliwasha. Alinipisha kwenye foleni, nikaketi, tukaongea."

"Sikuongea na wewe, mama."

"Utaongea naye," Mzee Joel akasema, "au hutaongea na mimi. Mama yako alipokufa, uliniletea televisheni. Ukaniambia sasa nitakuwa na wa kunipa kampani. Nimeitazama hiyo televisheni, Dennis. Inasoma habari na haiulizi kama nimekula. Huyu anaongea na mimi hata stima zikipotea."

Dennis alishusha macho. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema jambo dogo kuliko yote, na nadhani hilo ndilo lilikuwa kwenye moyo wake tangu mwanzo: "Watu watacheka, baba. Mzee mzima kwa mabembea."

"Wacheke. Mimi pia naenda kucheka."

Dennis alimwangalia bosi. Bosi aliangalia kalenda. Dennis akasema, kwa adabu ile ile yake, kwamba shamba litatafuta ofisi nyingine, akatoka. Nikafungua droo, nikawapa wazee pasipoti na tiketi, nikawaeleza mahali pa kubadilisha ndege, nikampa Mama Zipporah ile karatasi ya hotelini kuhusu milango. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake.

Walienda. Siku ya pili simu yangu ikalia, na nyuma ya sauti ya Mzee Joel kulikuwa na kelele ya watu wakipiga mayowe.

"Madam! Mimi nimetapika!"

"Pole, mzee. Na mama?"

"Amerudi kwa foleni! Anasema mara ya kwanza alifunga macho, anataka kuona!"

Waliporudi waliniletea tende, na picha iliyopigwa na mashine ya pale gari linapoteremka. Mzee amefumba macho na kukunja uso kama anayeng'olewa jino. Mama Zipporah ameinua mikono yote miwili, kitambaa kimeanguka shingoni, na nywele nyeupe zimesimama. Aliniambia kwamba kila jioni alitoka nje ya lango la hoteli, akatembea mpaka alipotaka, akarudi. Hakwenda mahali popote hasa. Mzee alimngoja kwenye benchi na hakuwahi kumwuliza alikuwa wapi. Mashua nayo waliipanda. Saa ilipoisha, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba chai nyingine, wakazungushwa tena, na Mzee Joel akakaa amelaza mikono mapajani, akimtazama mtu mwingine akiendesha.

Dennis hajakanyaga Rongai tangu siku ile. Mkewe huwapeleka watoto wakati wa likizo, na watoto humwita Mama Zipporah nyanya. Ningependa kuwaambia kwamba kijana alibadilika, lakini mimi ni karani wa safari; huwa naandika mtu alikofika.

Na shamba likaondoka kweli. Bosi alinihamishia meza ya nyuma, karibu na choo, akasema nishughulikie tiketi za ndani tu, wanandoa niwaachie makarani vijana. Nilikubali meza. Hayo mengine sikuyakubali. Watu walipita meza ya mbele wakaja mpaka kule nyuma kuniuliza, nami nikawajibu, na bosi akawa anakohoa.

Halafu siku moja wakapanda ngazi kijana na msichana, wameshikana mikono, wamevaa vizuri lakini mikono yao imechubuka kwa miiba ya waridi. Walitoka Kamere, kule kando ya ziwa. Walikuwa wakifanya kazi kwenye lile lile shamba la Dennis, kwenye kukata na kupanga maua, na siku hiyo walikuwa kwenye mapumziko.

"Niaje madam," kijana akasema. "Tumesikia hapa kuna mtu alikataa kudanganya babake meneja. Dereva wake ndiye aliongea. Shamba lote linajua."

"Mnataka kwenda wapi?"

Wakaangaliana. Msichana ndiye aliyesema. "Hatujui kama mnafanya safari ndogo. Tunaoana Desemba. Tunataka tu siku mbili mahali hakuna maua."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika kikombe. Alitazama viatu vyao, akatazama mikono yao, akanitazama mimi.

"Rhoda," akasema taratibu, "hao si wateja wetu."

Nikavuta viti viwili, nikawaambia waketi.